Mkono wa Mzee Alby Mlangoni

Jumatatu, 1 Septemba

Nimemkosea Trez. Naliandika mwanzo kabisa, nisije nikapata nafasi ya kulizunguka. Nimemkosea Lindsay Trezise, jirani yangu ng'ambo ya uchochoro, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Mwenyewe hajui. Yuko Adelaide anabembeleza mjukuu.

Kosa lenyewe: nimeufuta mkono wa baba yake.

Nieleze. (Namweleza nani? Glenys hasomi haya. Anasema mwandiko wa mume wake unamtia kizunguzungu.)

Trez ana Landkruza ya marehemu baba yake, Mzee Alby. Pikapu ya zamani, rangi ya maziwa, iko bandani nyuma ya nyumba. Mzee aliporudi safari yake ya mwisho kutoka njia ya Marree, kule kaskazini, alishuka, akausukuma mlango kwa kiganja ukajifunga, akaingia ndani kunywa chai. Hakuliendesha tena. Kile kiganja kikabaki kwenye vumbi la mlango. Vidole vinne na nusu, maana cha shahada kilikatwa na waya wa winchi siku nyingi. Trez hajaliosha lile gari hata mara moja. Akipita bandani anapita kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Kila Siku ya Baba, siku hiyo tu, anafungua banda, anakaa kwenye usukani, anakula pai ya nyama na viazi kama mzee alivyokuwa akila, anafunga.

Siku ya Baba ni Jumapili hii.

Sasa mimi. Mimi na Trez tuko kwenye chama cha vigari. Vya rimoti, moja kwa kumi ya gari la kweli, vya kupanda mawe kule kwenye kijito kikavu. Si vya mbio. Anayetaka mbio aende kwa watoto. Vyetu vinakwenda polepole, vinayumba, vinanesa, na ukilala kifudifudi ukafumba jicho moja, unaona gari kabisa, hata mwaka lilipotengenezwa. Kila mwaka kuna shindano la picha. Kila mtu anabandika picha ya kigari chake ukumbini, wanachama wanapigia kura ile inayofanana zaidi na gari la kweli. Zawadi ni kifuniko cha tangi la mafuta kilichopigiliwa kwenye ubao. Trez amekichukua miaka mitatu mfululizo. Kiko juu ya friji yake. Kila nikienda kuomba maziwa kinanitazama.

Kigari chake ni Landkruza ya baba yake. Changu pia ni Landkruza ya baba yake. (Mzee alinifundisha kuendesha na mimi! Nina haki!) Ila cha Trez kina fremu ya chuma aliyoikata mwenyewe. Viti vimeshonwa kwa ngozi ya kiatu cha mzee. Kutu ni kutu kweli, kaiotesha kwa chumvi na siki. Kuna themosi kama punje ya maharage. Na mlangoni kuna kiganja, vidole vinne na nusu, kimechorwa kwa brashi ya unywele mmoja.

Changu bodi lilitoka dukani. Rangi nilipaka siku ya upepo. Noreen Schulz, mwenyekiti wetu, mkutubi mstaafu, alikitazama mwaka jana kwa kioo chake cha kukuzia akasema kinamkumbusha keki.

Basi jana, Jumapili, funguo za Trez ninazo, kaniachia niwalishe kuku. Ndipo akili ikanijia. Kama wanatafuta kigari kinachofanana zaidi na gari la kweli, si nipige picha gari la kweli?

Nikaachia breki ya mkono. Nilidhani nitalisukuma kidogo. Uwanja wa Trez una mteremko! Lilitoka lenyewe, kimya, la heshima, likaenda mpaka kwenye banda la kuku likasimama kwa kuligonga. Hakufa mtu. Mavis, yule kuku mwekundu asiye na mkia (mbweha aliondoka nao), alinitukana.

Nikalala kifudifudi nipige picha. Kwa mazoea tu. Gari lina urefu wa kunipita mimi, nami nimelala chini nalitafutia ukubwa.

Halafu nikauona mkono. Chama kizima kinaujua mkono ule. Picha ikitoka nao, watajua siwezi kuuchora hivyo, nimekamatwa. Nikatoa leso. Vumbi ni vumbi, nikajiambia. Nikafuta.

Kisha nikasimama pale, mlango mtupu mbele yangu, leso nyekundu mkononi. Mzee Alby alikuwa kwenye leso.

Nililirudisha bandani kwa winchi ya gari langu. Asubuhi hii picha nimeipeleka kwa Noreen. Ndiyo, hata baada ya hayo. Ilikuwa tayari imeshapigwa.

Jumanne, 2 Septemba

Trez karudi. Kaniletea chupa ya jemu ya aprikoti, yale matunda madogo ya njano, aliyopika binti yake, shukrani ya kuwalisha kuku. Akasema Mavis anaonekana ana hasira. Nikasema labda ni hali ya hewa.

Jioni akanivuta kijitoni tupime matairi mapya. Kunguru wa huku, wale weusi na weupe, wako kwenye kutotoa, mmoja alinishukia kichwani mara mbili. Trez hakuguswa. Hata ndege wanajua.

Vigari viwili ubavu kwa ubavu kwenye jiwe tunaloliita Meza. Chake kikanyanyua gurudumu, kikafikiri, kikalishusha, kikapanda. Springi zake za vyuma vilivyopangwa zinalia kama za kweli. Changu kikaruka kama mbuzi, kikaanguka chali, magurudumu yanazunguka hewani. Nikainama nikakigeuza.

Trez akapiga kelele bonde zima likasikia: "Mkono wa Mungu!"

Ndiyo kanuni yetu, haina huruma. Kigari kikikwama, kitoke kwa winchi yake chenyewe au kwa kuvutwa na kigari kingine. Ukikigusa kwa mkono, umeleta mkono wa Mungu. Unarudi mwanzo wa njia, hata kama umebakiza shubiri moja. Na kugusa cha mwenzio ndiyo aibu kubwa zaidi, hilo halijawahi hata kutokea.

Nikarudi mwanzo. Trez ananiimbia, eti, "Gusa, rudi mwanzo, bwana mkubwa! Gusa, rudi mwanzo!"

Nikajifanya nakaza skrubu ya gurudumu.

Ni hapohapo kwenye changarawe hizo mzee alitufundisha kuendesha. Tulikuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Sote watatu kiti cha mbele. Tuligombania kukaa katikati, maana anayekaa mlangoni ndiye anayeshuka kufungua mageti, na huku mageti hayaishi. Harufu ya turubai, dizeli na chai. Mzee alikuwa na hukumu mbili tu duniani. Ukifanya vizuri: "Itafaa." Ukifanya vibaya: "Haifai." Mimi nilipata itafaa moja, ya kurudi nyuma. Trez sijui kama aliwahi kupata. Alikuwa mtoto wake.

Nilitaka kumwambia palepale. Nikamwambia matairi yake ni mazuri.

Jumatano, 3 Septemba

Mpango! Kwa nini nilie? Mimi ni mtu wa vigari. Kazi yangu ya jioni, miaka yote hii, ni kutengeneza vumbi la uongo. Nitalitengeneza tena, mara kumi kwa ukubwa. Kisha nitabandika kiganja. Jumapili Trez atafungua banda, kila kitu mahali pake, hakuna aliyeumia.

Nikaanza na vumbi la kijitoni. Nikalipaka kwenye kipande cha bati, nikalilinganisha na leso. Haifai! La kijitoni ni la rangi ya biskuti. La mzee ni jekundu, la kaskazini. Mtu mwingine asingeona. Trez ataona akiwa getini. Mwaka juzi alimnyima pointi mtu wa Peterborough kwa sababu kigari chake kilikuwa na stika ya Marree na vumbi la Burra.

Nikamwambia bosi wangu pale halmashauri (naendesha greda) kwamba nina daktari wa meno. Nikashika barabara ya kaskazini na ndoo. Nikaendesha mpaka Leigh Creek ikabaki nyuma. Kila nikisimama nachota kidogo, nalinganisha na leso, nasema bado. Lori la mifugo likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa akauliza kama nimepoteza kitu.

Nikasema ndiyo. Sikudanganya.

Nimerudi na ndoo imejaa. Rangi yenyewe. Glenys akanitazama shingo, masikio, nywele, zote nyekundu. Akauliza huyo daktari wa meno anachimba na nini.

Alhamisi, 4 Septemba

Trez kaenda Port Augusta kupimwa macho. Funguo za banda hajazidai. Nikaingia.

Vifaa: chujio la unga la Glenys, soksi yake ya nailoni, dawa yake ya kupulizia nywele. Chuja, pepeta, puliza, subiri. Mlango ukaiva vizuri. Nasema bila majivuno, mlango ule ulikuwa umetoka Marree asubuhi hii.

Sasa kiganja. Cha kwanza kikatoka chini mno. Mzee alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Chuja tena, puliza tena. Nikapanda juu ya ndoo ya chakula cha kuku, nikakunja kidole cha shahada, nikaegemea. Ndoo ikateleza.

Ninachotaka kusema ni kwamba kwa dakika nzima mlango wa marehemu ulikuwa na uso wangu. Pua, kidevu, mdomo wazi. Kazi safi mno. Kama ingekuwa ndiyo iliyotakiwa ningechukua kifuniko.

Chuja tena. Dawa ya nywele inakaribia kuisha. Mara ya tatu nikajishikilia nguzo ya kioo cha pembeni kwa mkono wa kulia nisianguke, nikabandika kwa wa kushoto. Vidole vinne na nusu. Nikashuka, nikatazama kutoka mlangoni mwa banda.

Ni yeye. Nusura niseme shikamoo.

Mavis alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Simpendi kuku yule.

Nimelala usingizi mzuri mchana. Kesho kura.

Ijumaa, 5 Septemba

Hasira! Aibu! Siwezi kumweleza mtu hata mmoja, na hilo ndilo baya zaidi.

Picha kumi na moja ukutani, hazina majina. Wanachama wanapita na chai mkononi, wananong'ona. Noreen anapita na kioo chake, anasoma maoni kwa sauti ya maktaba. Kwenye picha yangu akasimama sana. Nikavuta tumbo ndani.

Akasema ni jitihada nzuri, lakini mwenye kazi hii amezidisha. Kutu inaonekana ya kubandika. Kioo cha pembeni kimepinda kwa namna ambayo gari la kweli haliwezi kupinda. Bampa si la mwaka ule. (Bampa! Mzee alilifunga mwenyewe baada ya kumgonga kangaruu!) Kwa ujumla, akasema, mtu anaona mara moja kwamba ni la kuchezea.

Nikanywa chai yangu yote kwa mkupuo.

Halafu akainama zaidi. "Lakini jamani, huyu kuku!"

Kuku gani?

Nikasogea. Pale pembeni ya picha, chini, nyuma ya gurudumu. Mwekundu. Ananitazama. Sikumwona kabisa nilipopiga!

Noreen akasema kwa miaka yote ya chama hiki hajaona kazi ndogo ya mkono kama kuku yule. Manyoya! Jicho! Watu wakajazana. Mmoja akauliza ametengenezwa kwa nini, udongo au nta. Nikakohoa nikasema ni siri ya fundi, kwa hiyo wakajua ni ya kwangu, nikapigwa mgongoni na watu ambao mwaka jana walinicheka. Nikasema kigari nimekifanyia kazi upya wiki nzima. Nikaonyesha kucha zangu zilivyo nyekundu. Wakaamini.

Trez akaja mwisho. Akavaa miwani yake mipya. Alisimama pale mpaka chai yake ikapoa. Nikamsogelea nikamuuliza anaonaje.

Hakunitazama. Akasema, "Umemweza kuku, Clive. Hata mkia hana."

Nikasema najitahidi.

Akasema, "Na gari umelikaribia sana. Karibu nisikie harufu yake." Akavua miwani akaifuta. "Ila umesahau mkono wa mzee."

Nikasema, aa, nimesahau, unajua tena umri.

Trez kashinda, mara ya nne. Mimi kura mbili. Moja yangu. Noreen akanong'ona kwamba ya pili ilitoka kwa Trez.

Alinipigia kura. Kanipigia kura mimi! Mtu huyu hashuku chochote, moyo wake mweupe kama maziwa, na mimi ni mdudu. Nimekula soseji nne na hazikupita vizuri.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemwambia Glenys kila kitu. Alikuwa anatafuta dawa yake ya nywele, sikuwa na njia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Clive Pascoe, mwanaume mzima, umeupaka mlango wa marehemu vipodozi." Akasema niende nikaseme leo hii, kabla jua halijazama. Akasema pia Trez si kipofu. Nikamkumbusha kwamba juzi tu alikwenda kupimwa macho.

Nikavaa kofia niende. Nikafungua mlango, Trez huyu hapa kwenye kizingiti. Hakuingia. Akasema kesho saa nne asubuhi nije bandani, tukakae wote kwenye gari la mzee. Hajawahi kumwalika mtu. Hata marehemu mke wake alikuwa akingoja jikoni. Akasema, "Wewe pia alikufundisha." Akasema nisichelewe. Akaondoka bila utani wowote.

Heshima kubwa hii! Ningewezaje kumharibia siku kwa maneno? Sikusema. Glenys amekula peke yake sebuleni, mlango kaufunga.

Jumapili, 7 Septemba. Siku ya Baba

Mwanangu Darcy kapiga simu kutoka Perth asubuhi. Akanitakia heri, akasema mimi ni baba mzuri. Nikamwambia asikimbilie kusema.

Saa nne kamili niko bandani. Trez kachana nywele kwa maji. Kashika pai mbili kwenye karatasi. Akavuta mlango wa banda, mwanga ukaingia, ukalala juu ya gari lote. Kiganja kikaonekana. Nikashusha pumzi.

Trez akakitazama. Hakusogea.

Akasema, "Huo ni mkono wa kushoto."

Nilisema labda mzee siku ile. Labda alikuwa. Sikujua sentensi inakwenda wapi.

"Wa kushoto alishika kofia," Trez akasema. "Nilikuwa nimesimama hapo kwenye ngazi. Na Mavis, Clive, nimemfuga tangu ni kifaranga. Unadhani sitamjua Mavis ukutani?"

Alijua tangu Ijumaa. Alipotoka ukumbini alikuja bandani na tochi, akauona mkono wangu. Amekaa nao siku mbili.

Nikasema yote. Breki, mteremko, leso, ndoo, dawa ya nywele, hata uso. Hakucheka penye uso.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Kila mwaka, kabla ya kupanda, anauinua mkono wake mbele ya ule wa mzee. Haugusi. Anausogeza tu karibu na kuupima. Alipoanza, wa mzee ulikuwa mkubwa zaidi. Lakini miaka hii viungo vya vidole vyake vimeanza kuvimba kama vya mzee, na mwaka jana vilikaribia kabisa. Akasema, "Mwaka huu nilitegemea vilingane."

Nikatazama mikono yake. Ni mikono ya Mzee Alby. Niliikosaje miaka yote hii, mimi mtu wa kutazama vitu vidogo?

Nikasema, "Nisamehe, Trez." Halikuwa neno la kutosha, na sote tulilisikia likianguka.

Akafungua mlango, si kwa kugusa pale, kwa kitasa. Akapanda kwenye usukani. Akanionyesha kiti cha kushoto, cha mlangoni. Hakuna tena wa katikati. Tukala pai. Harufu bado iko, nasema kweli: turubai, dizeli, chai. Kwenye dashibodi kuna mkwaruzo nilioufanya mimi kwa kisu, herufi C, mzee alinifinya sikio. Nikaugusa kwa kidole, nikakumbuka kanuni, nikaurudisha mkono mapajani.

Pai ikakaribia kuisha. Trez akauliza, bila kunitazama, Noreen alisemaje kuhusu kutu.

Nikasema, "Ya kubandika."

"Na bampa?"

"Si la mwaka ule."

Kitu kikamtoka puani. Nikadhani amepaliwa. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka viazi vikatua kwenye kioo cha mbele. Akasema, "Kwa ujumla, mtu anaona mara moja ni la kuchezea," sauti ileile ya Noreen, nami nikashindwa, tukacheka wote mpaka Mavis akaja kuchungulia tuna nini.

Kisha akafuta mdomo. Akashika usukani kwa mikono yote miwili. Akasema taratibu, kama mtu anayehesabu, kwamba basi kigari chake kimeshindana na gari la mzee. Na kimeshinda.

"Angesema nini?" akaniuliza. Aliniuliza kweli. Macho yalikuwa na maji.

Nikasema, "Angesema itafaa."

Akaitikia kwa kichwa muda mrefu. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kukunja karatasi ya pai.

"Bado," akasema. "Umegusa gari la mwenzio. Kanuni inasemaje?"

"Rudi mwanzo."

"Na mwanzo wa vumbi lile ni wapi?"

Nikasema Marree.

Basi hukumu ndiyo hii. Mimi ndiye nitakayeliamsha lile gari: betri, mafuta, mipira, breki, vyote, kwa mikono yangu na jioni zangu. Trez atakuwa amekaa kwenye kiti cha bustani ananiambia haifai. Jumamosi tarehe ishirini tunaondoka. Yeye anaendesha. Mimi nakaa mlangoni, nafungua kila geti na kulifunga, kwenda na kurudi. Tutarudi na vumbi letu wenyewe. Tukifika, yeye atashuka, atausukuma mlango kwa kiganja chake, na kitabaki hapo.

"Na wewe," akasema, "mikono mfukoni."

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeanza kazi. Betri imetoka. Trez amesema haifai kabla sijafungua boneti. Nimefurahi kuisikia, sijui kwa nini. Glenys amefungua mlango wa sebuleni.

Noreen kapiga simu. Chama kizima kinataka niendeshe darasa la kutengeneza kuku mdogo, Ijumaa tarehe ishirini na sita. Nilikusudia kumweleza ukweli. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yenyewe. Lakini alisema neno "kipaji". Nimekubali. Nimeshanunua nta na manyoya. Si vigumu, naona, ukiwa na kuku wa kutazamia, na Mavis yuko hapo anazurura tu.

Redio inasema mvua kaskazini wiki ijayo. Mvua! Njia ya Marree ikilowa hakuna vumbi, kuna tope, na Trez atarudi na mlango uliooshwa na mvua. Nimefikiria sana. Ile ndoo bado ina nusu. Nimeifunika kwa gunia, nimeiweka nyuma ya kiti cha Landkruza, pamoja na chujio na chupa mpya ya dawa ya nywele. Kwa dharura tu. Trez hatajua.

Ila safari, hiyo naapa. Jumamosi tarehe ishirini Septemba, jua likichomoza, gari la Mzee Alby litakuwa linanguruma mbele ya nyumba ya Trez, nami nitakuwa kiti cha mlangoni, tayari kwa geti la kwanza.